Mapanki, Papai Bichi na Chakula Kisichooza Upesi

Kitendawili!

Mkiitika "Tega!" nami natega: akiwa mzima adui humla akanenepa, akikatwa vipande adui huyo huyo humkimbia.

Najua mtataja mengi. Mmoja atasema mhogo, mwingine atasema mjusi kwa sababu ya mkia wake, na yule anayependa kushinda jikoni atasema kitunguu. Hakuna aliyepata. Basi nipeni mji. Mmenipa Mwanza? Nimeupokea kwa mikono miwili, maana jibu lenyewe liko huko huko, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, limetandazwa kwenye sinia na nzi wanalizunguka.

Twendeni mpaka Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki. Magunia ya dagaa wakavu yanapakiwa kwenye malori, mengine yanakwenda hadi Kongo na Burundi. Harufu ya ziwa, ya moshi na ya samaki imechanganyika hata huwezi kuzitenganisha. Na ukiingia mitaani utawakuta akina mama mbele ya makarai ya mafuta, wanakaanga mapanki.

Kwa yule ambaye hajafika Mwanza, nieleze. Sangara ni samaki mkubwa, anayeweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, ingawa wengi wanaovuliwa siku hizi ni wadogo sana kuliko hao. Kenya humwita mbuta, Uganda mputa. Hakuwa mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawala wenyeji wengi na kutamalaki. Kiwandani, kisu hupita upande mmoja wa uti wa mgongo, kisha upande wa pili. Minofu hutoka mizima, myeupe, huwekwa kwenye barafu na kusafirishwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mbavu, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa. Hayo ndiyo mapanki. Kisumu huyaita mgongo wazi. Ukiyajumlisha na ngozi, magamba na matumbo, yaliyobaki huwa mazito kuliko minofu iliyosafirishwa.

Na ndani ya hayo yaliyobaki kuna jibu letu. Jibu ni protini.

Protini ndiyo iliyojenga nyama ya samaki, nyama ya kuku, na misuli ya mikono yenu inayoshika karatasi hii. Ifikirieni kama uzi mrefu uliotungwa shanga. Kila ushanga huitwa asidi amino, na shanga hizo ni za aina 20 tu. Kinachotofautisha protini moja na nyingine ni mpangilio wa shanga na urefu wa uzi. Protini za misuli zina shanga mamia, nyingine maelfu, na uzi wenyewe umejikunja na kujiviringa. Ukiukata uzi huo ukapata vipande vya shanga mbili, tano, kumi au ishirini, kila kipande huitwa peptidi. Mchanganyiko wa vipande hivyo, ukikaushwa, wataalamu huuita haidrolisati ya protini ya samaki. Mimi nitauita unga wa peptidi.

Adui naye ni nani? Ni bakteria. Samaki akiwa hai, bakteria hukaa kwenye ngozi yake, kwenye matamvua na tumboni, lakini nyama ya ndani hawaipati, kwa sababu mwili unajilinda. Akifa, ulinzi unakoma. Katika joto wanalolipenda, baadhi yao hugawanyika mmoja kuwa wawili kila nusu saa, wengine upesi zaidi. Pigeni hesabu: bakteria mmoja saa mbili asubuhi, kufikia saa saba mchana wamekuwa zaidi ya 1,000. Na wanakula nini? Wanakula protini ile ile. Ndiyo maana nikasema, akiwa mzima adui humla akanenepa.

Sasa tuzungumze habari ya kukata.

Uzi wa protini haukatwi kwa kisu cha chuma. Hukatwa na kimeng'enya, ambacho nacho ni protini, ila hii ina kazi ya kuvunja protini nyingine. Tumboni mwenu vimo, ndivyo vinavyosaga maharage mliyokula mchana. Tumboni mwa sangara vimo pia. Na vimo kwenye papai bichi. Wachoma mishkaki wa pwani, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, hulijua jambo hili vizuri: nyama ngumu hupakwa papai bichi lililosagwa pamoja na viungo, ikalainika kabla haijafika kwenye mkaa. Utomvu mweupe unaochuruzika ukilichanja papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini. Mashariki ya Kongo na Uganda kuna wakulima ambao wamegema utomvu huo na kuuza ng'ambo, ukatumike viwandani.

Msikubali kwa sababu nimesema mimi. Mwombeni mama au baba vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe vyenye ukubwa sawa. Cha kwanza kiacheni kama kilivyo. Cha pili kipakeni papai bichi lililokunwa. Cha tatu kipakeni papai bichi lililokunwa pia, ila hilo lichemsheni kwanza kwa muda mrefu, kisha liacheni lipoe. Vikae vyote vimefunikwa kwa saa mbili, ndipo mvibonyeze kwa uma. Cha pili kitakuwa kimeregea, juu yake pana utelezi, uma unaingia bila kusukumwa. Cha kwanza na cha tatu vitakuwa vigumu vile vile. Kumbe moto umeua kimeng'enya! Kumbukeni hilo, tutalihitaji baada ya muda mfupi. Na utomvu usiwaguse machoni wala msiushike kwa mikono mitupu, maana unawasha.

Kutengeneza unga wa peptidi ni kazi hiyo hiyo, ila hufanywa kwa vipimo. Mabaki ya samaki husagwa yote pamoja na mifupa, huongezwa maji, hupashwa joto hadi nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, kisha kimeng'enya hutiwa. Wengine hutumia papaini, wengine vimeng'enya vya bakteria vya jamaa moja na vile vinavyotiwa kwenye sabuni ya unga ili kutoa madoa ya damu na jasho. Rojo hukorogwa. Mwanzoni ni zito, linavuta mwiko. Baada ya saa moja au mbili limekuwa jepesi, mifupa imejitenga, ikiwa safi, haina nyama. Hapo joto hupandishwa hadi nyuzi 90 hivi kwa muda wa dakika 10 au 15, ili kimeng'enya kife na kukata kukome.

Kwa nini kukome? Hilo ndilo jambo kuu katika hadithi hii, nami sitaki mlipite haraka.

Kwenye maabara za dunia nzima kuna unga mwingine uitwao peptoni. Nao ni protini iliyokatwakatwa, na upo unaotengenezwa kwa samaki. Mnajua kazi yake? Ni kuwalisha bakteria! Daktari akitaka kuwaotesha bakteria ili awatambue, huwapa peptoni, nao huzaana kwa furaha. Yaani unga uliotoka kwa samaki yule yule, kwa njia ile ile, unaweza kuwa karamu ya bakteria au kifo chao. Tofauti ni mahali uzi ulipokatwa, na vipande vilivyopatikana. Ukikata kidogo mno, kipande kizuri bado kimefungwa ndani ya uzi mrefu. Ukikata kupita kiasi, unabaki na shanga mojamoja, chakula laini ambacho bakteria hana haja hata ya kukitafuna. Na vimeng'enya havifanani. Tripsini, kwa mfano, hukata baada ya shanga mbili tu, lisini na arginini. Papaini haina uchaguzi mkali, hukata penye nafasi. Basi mtaalamu huchagua kimeng'enya, joto na muda, akitafuta vile vipande anavyovitaka.

Vipande gani hivyo? Ngoja niwapeleke kwa kambare.

Kambare hana magamba. Huishi kwenye matope, hukwaruzwa na mawe na mizizi, na maji yake yamejaa bakteria. Mwaka 1998 wanasayansi wa Korea walieleza walichokiona kwa kambare wa huko Asia ya Mashariki. Ngozi yake ikijeruhiwa, mwili huchukua protini moja ya kawaida kabisa iitwayo histoni, ambayo kazi yake ya kila siku ni kukunja DNA ndani ya kiini cha seli. Kimeng'enya hukata ncha ya histoni hiyo, kikatoka kipande cha shanga 19, na kipande hicho huua bakteria. Wakakiita parasini. Hebu fikirini: histoni nzima ilikuwa ikifanya kazi yake kimya, haimdhuru yeyote. Jeraha lilipotokea, ikakatwa mahali pamoja tu, ikawa mlinzi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wengine walikuwa wametangaza peptidi ya shanga 25 kutoka kwenye ute wa ngozi ya samaki bapa wa Atlantiki ya kaskazini. Ule utelezi wa samaki tunaousugua kwa majivu na kuumwaga una mambo ndani yake.

Peptidi hizi huuaje? Bakteria amezungukwa na utando mwembamba, na upande wa nje wa utando huo una chaji hasi. Lisini na arginini, zile shanga mbili nilizozitaja, zina chaji chanya. Chanya na hasi huvutana. Peptidi inayofaa ina pande mbili: upande mmoja umejaa chaji chanya, upande wa pili hupenda mafuta. Upande wa kwanza huinasa kwenye bakteria, upande wa pili huzama ndani ya utando, kwa kuwa utando wenyewe umejengwa kwa mafuta. Zikifika nyingi, utando hutoboka, vilivyomo ndani huvuja, na bakteria hufa. Seli za miili yetu upande wa nje hazina chaji hasi kubwa kama hiyo, ndiyo maana peptidi nyingi za aina hii hazituandami sisi kwa nguvu ile ile.

Na kuna nchi ambayo chakula chake hulindwa na kitu cha namna hii kutoka kwa samaki. Ni Japani. Lakini hadithi yake ilianzia Uswisi.

Mji wa Basel uko kando ya mto Rhine. Karne ya 19, samoni walikuwa wakipanda mto huo kutoka baharini, mwendo mrefu bila kula, ili wakazaliane kwenye maji ya juu. Alikuwako kijana msomi aitwaye Friedrich Miescher, mzaliwa wa Basel, aliyependa kujua kilichomo ndani ya kiini cha seli. Mwaka 1869, alipokuwa Tübingen huko Ujerumani, alikusanya bandeji zenye usaha kutoka hospitali, akaziosha, akapata kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kabla yake. Leo tunakiita DNA. Aliporudi Basel akaona kwamba badala ya usaha, anao samoni wanaopita mlangoni, na mbegu zao za kiume karibu zote ni viini vitupu. Vitu vya ndani ya seli huharibika upesi kwenye joto, na wakati huo majokofu ya maabara hayakuwapo. Miescher alifanya kazi majira ya baridi kali, alfajiri, kwenye vyumba visivyo na moto, madirisha yakiwa wazi. Mwaka 1874 aliandika habari za kitu kingine alichokikuta kimeshikamana na DNA katika mbegu hizo. Akakiita protamini.

Mjerumani Albrecht Kossel, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1910, aliendelea kuichunguza protamini akaiona jinsi ilivyo ya ajabu. Ile ya samoni ni uzi mfupi wa shanga 32 hivi, na karibu theluthi mbili ya shanga hizo ni arginini. Arginini, mnakumbuka, ina chaji chanya. Hii hata haikuhitaji kukatwa. Samaki mwenyewe ameitengeneza fupi. Bakteria wakikutana nayo, wengi hawafurukuti.

Wajapani huvua samoni wengi, na mbegu za kiume hubaki kama mapanki yetu yanavyobaki. Wakazifanyia kazi. Protamini inaruhusiwa nchini humo kama kihifadhi cha chakula, nayo huchanganywa kwenye vyakula vya wanga kama wali uliopikwa na tambi. Uzuri wake ni kwamba hustahimili moto: chakula huchemka nayo na bado inafanya kazi. Vihifadhi vingi huhitaji uchachu wa siki au wa ndimu ndipo vifanye kazi. Protamini hufanya kazi hata kwenye chakula kisicho chachu.

Nimewaeleza habari za adui mmoja. Yuko wa pili, na huyu hana uhai.

Rudini Mwanza, kwenye dagaa. Dagaa aliyekaushwa vizuri jana hung'aa rangi ya fedha, na ukimvunja hutoa sauti. Sasa mchukueni yule aliyekauka wakati wa mvua, kwa jua la kuibia, akakaa gunia mwezi mzima. Karibu na tumbo amekuwa wa manjano, mwingine wa kahawia. Mvunjeni karibu na pua: kuna harufu ya mafuta ya zamani. Mtafuneni: kuna ukakasi unaokwaruza koo. Huyu bakteria hawakumweza, alikuwa mkavu kiasi cha kuwashinda. Aliyemharibu ni oksijeni, iliyomo kwenye hewa hii hii tunayoivuta. Mafuta yake yamechacha.

Mafuta ya samaki ni mazuri kwa moyo na ubongo, lakini ni mepesi kushambuliwa kuliko ya ng'ombe au ya nazi. Molekuli yake ina sehemu dhaifu nyingi ambapo haidrojeni hung'olewa kirahisi. Ikishang'olewa mahali pamoja, molekuli ile hugeuka korofi, ikaungana na oksijeni na kwenda kung'oa haidrojeni ya jirani yake. Jirani naye akawa korofi, akamwendea wa tatu. Mnyororo huo ukianza haukomi wenyewe upesi. Chuma kilichomo kwenye damu ya samaki huuchochea, ndiyo maana samaki asiyeoshwa damu vizuri huchacha mapema.

Peptidi za samaki huukata mnyororo huo kwa njia mbili. Baadhi ya shanga, kama tirosini na histidini, hutoa haidrojeni yao kwa hiari. Ile molekuli korofi ikishapewa, hutulia, haina sababu ya kumwendea jirani. Shanga nyingine hukamata chuma na kukishikilia kisiende kuchochea. Watafiti wamelipima hili kwa unga kutoka kwa samaki wengi, miongoni mwao perege na sato, na wameona nyama ya kusaga na mafuta vikichelewa kuchacha. Viwanda vingi leo hutumia kemikali ziitwazo BHA na BHT kwa kazi hiyo. Zinafanya kazi, na sheria zimeweka vipimo vyake, lakini wanunuzi wengi wangependa kitu kilichotoka kwenye chakula chenyewe.

Kuna pia faida ya tatu, nitaitaja tu: peptidi hushika maji. Mnofu ukigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara hutoa maji, ukawa mkavu na mgumu mdomoni. Ukichanganywa na peptidi kidogo kabla ya kugandishwa, hauumii kiasi hicho.

Sasa, msimulizi mkweli hamalizi kwa sifa. Unga huu una matatizo yake.

La kwanza ni uchungu. Shanga zinazopenda mafuta, zikikaa wazi mwishoni mwa kipande, ulimi huzihisi kuwa chungu. Ndani ya protini nzima zimefichwa, ukikata, zinatokeza. Unga mwingine ni mchungu kiasi kwamba ukiutia mwingi kwenye keki, mtoto ataitema. Wataalamu hutumia kimeng'enya cha pili kuzikata shanga hizo za mwisho, au hutia unga kidogo sana.

La pili ni zito zaidi. Wako watu ambao samaki huwadhuru: hupata vipele, huvimba midomo, wengine hushindwa kupumua. Kukata protini hupunguza hatari hiyo lakini hakuiondoi kwa hakika. Kwa hiyo mkate uliotiwa peptidi za samaki ni lazima uandikwe kwenye paketi kwamba una samaki. Anayeficha hilo anaweza kuua mtu.

La tatu, unga mzuri hautoki kwa samaki mbovu. Samaki kama jodari na dagaa wa baharini wakiachwa juani hutengeneza histamini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Anayedhani atachukua matumbo yaliyolala juani tangu asubuhi, ayasage na kuyageuza kihifadhi, anajidanganya na kuwadanganya wengine. Mabaki lazima yawe kwenye barafu kama minofu yenyewe.

La nne ni kwamba kinachowezekana kwenye kichupa cha maabara hupungua nguvu kwenye chakula halisi. Chakula kina chumvi, mafuta na protini nyingine, navyo huzizuia peptidi kabla hazijamfikia bakteria. Hapo ndipo penye kazi kubwa ya utafiti. Unga huu ni msaidizi. Barafu, maji safi, na kukausha kwenye vichanja badala ya mchangani bado ndivyo vya kwanza.

Pamoja na hayo yote, nauamini. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliandika mwaka 2020 kwamba asilimia 35 ya samaki wote wanaovuliwa na kufugwa duniani hupotea au hutupwa. Norwei na Iceland wameanza zamani kugeuza mabaki ya samaki kuwa unga wa peptidi na bidhaa nyingine, nao wanapata fedha. Sisi tunalo ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, tunagawana nchi tatu, na papai linaota nyuma ya kila nyumba.

Ila kwa mapanki naomba tuwe waangalifu. Mapanki si takataka. Ni kitoweo cha familia ambazo haziwezi kununua mnofu, na ni mtaji wa wale akina mama wenye makarai. Kiwanda kikija na kuyanunua yote kwa bei ya juu ili kisage unga, mtoto wa Igoma, huko huko Mwanza, atakula ugali na nini? Mimi naona tuanze na visivyoliwa: magamba, ngozi zinazobaki, matumbo, na maji yenye damu na protini yanayomwagwa kila siku. Matumbo yana vimeng'enya vyake tayari. Hata papai hayahitaji. Mapanki yabaki kwenye karai mpaka wanaoyala wapate kitoweo kilicho bora zaidi.

Kazi hiyo inahitaji watu wanaojua kemia na wanaojua ziwa kwa pamoja, na hao ni wachache. Nyegezi, Mwanza, kipo chuo cha uvuvi, na ipo maabara ya kupima ubora wa samaki. Kisumu na Jinja ziko taasisi za utafiti wa uvuvi. Wewe unayesoma, ukifika kidato cha kuchagua masomo, wenzako wakikwambia kemia ni ngumu uikimbie, usiwasikilize. Ichukue, na baiolojia pamoja nayo. Kabla wakati huo haujafika, fanya lile jaribio la vipande vitatu vya nyama, uandike kwenye daftari ulichokiona kila baada ya nusu saa, kisha mpelekee mwalimu wako wa sayansi umuulize kwa nini kipande cha tatu hakikulainika.